Oktoba 20, 1968: Tulichokikata kwenye siku ya Akhwari

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros katika hatua za mwisho kabisa za marathoni ya ubingwa wa dunia. Wote wawili waliandikiwa muda wa saa 2:09:48, na ilibidi picha iamue: tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983, na kila aliyeshangilia alikuwa na haki ya kushangilia. Ila pamoja na shangwe ilikuja hadithi moja, na tangu hapo haijaondoka. Inasema kwamba mwaka 1968 John Stephen Akhwari alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 2025 Simbu akamaliza wa kwanza Tokyo, na kinachowaunganisha ni moyo wa Mtanzania asiyekata tamaa. Ikifika Oktoba 20, siku ambayo wanaopenda kumbukumbu za "siku kama ya leo" huirudisha picha ya Akhwari akichechemea na mguu wake uliofungwa bendeji, hadithi hiyo husimuliwa tena, na kila mwaka inakuwa fupi kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

Naona hadithi hiyo inamdhulumu Akhwari, na inampotosha kijana anayefunga kamba za viatu leo asubuhi kule Mbulu au Singida. Akhwari anageuzwa mtu wa moyo tu, wakati alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu aliyeumia akiwa kazini. Kijana naye anaambiwa kwamba kilichokosekana mwaka 1968 kilikuwa ushindi, kilichokuwepo kilikuwa ujasiri, na kwamba ujasiri ukikaa muda mrefu wa kutosha huzaa ushindi wenyewe. Ili kuona kosa lilipo, inatosha kuirudisha picha ya Akhwari ndani ya siku ilikokatwa. Jumapili ile, katika uwanja uleule, yalitokea mambo mengine ambayo historia ya michezo inayahesabu kuwa makubwa. Yakisomwa pamoja yanasema kitu tofauti kabisa na yanachosema yakisomwa mojamoja.

Ilikuwa siku ya mwisho ya riadha katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1,500 kwa dakika 3:34.9, rekodi ya Olimpiki iliyodumu hadi mwaka 1984. Mmarekani Dick Fosbury alishinda kuruka juu kwa mita 2.24, akiupita mti kwa kutanguliza kichwa na mgongo, mtindo ambao watu walikuwa wameuona kama kituko na ambao leo kila mrukaji anautumia. Katika mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara nne, Wamarekani waliweka rekodi ya dunia ya 2:56.1, na nyuma yao wakaja Wakenya wanne kwa 2:59.6 na medali ya fedha. Mmoja wao alikuwa Daniel Rudisha, baba yake David Rudisha ambaye miaka 44 baadaye aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London. Katika marathoni Mamo Wolde wa Ethiopia aliingia wa kwanza kwa 2:20:26, na inasimuliwa kuwa wakati anaingia uwanjani macho ya wengi yalikuwa kwa Fosbury, aliyekuwa bado anagombana na mti wake. Zaidi ya saa moja baada ya Wolde, giza likiwa limeshaingia na watu wengi wakiwa wameshaondoka, ndipo alipotokea Akhwari. Muda wake ulikuwa 3:25:27, nafasi ya 57, na hakukuwa na mwingine nyuma yake.

Wapo wanaoona mambo hayo yakikutana katika tarehe moja wakasema tarehe yenyewe ina kitu. Kwa Wakenya kishawishi hicho ni kikubwa zaidi, kwa sababu Oktoba 20 ilikuwa Siku ya Kenyatta, kumbukumbu ya kukamatwa kwa Jomo Kenyatta mwaka 1952, na tangu katiba ya 2010 ndiyo Siku ya Mashujaa. Dhahabu ya Keino kuangukia siku hiyo ni jambo la kupendeza, na silaumu anayelifurahia. Lakini sababu ya mambo mengi kukutana siku ile iko kwenye ratiba. Siku ya mwisho ya riadha ilipangiwa marathoni, fainali ya mita 1,500, kuruka juu na mbio za vijiti, kwa hiyo lolote kubwa ambalo lingetokea katika michezo hiyo lingeangukia tarehe hiyo. Tena, wakati Akhwari anaingia uwanjani jioni ile, saa za Afrika Mashariki zilikuwa mbele kwa saa 9. Nyumbani kwao Mbulu ilikuwa ni usiku mkubwa unaoelekea alfajiri, na kalenda ilishasoma Oktoba 21.

Si tarehe hii peke yake inayofanya kazi hivyo. Oktoba 13 imebeba rekodi tatu za dunia za marathoni ya wanawake, zote jijini Chicago: Paula Radcliffe mwaka 2002 kwa 2:17:18, Brigid Kosgei mwaka 2019 kwa 2:14:04, na Ruth Chepngetich mwaka 2024 kwa 2:09:56. (Hii ya tatu ina kivuli chake, kwa kuwa mwaka 2025 Chepngetich alifungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyopigwa marufuku, ingawa rekodi yenyewe haikufutwa.) Ukiuliza kwa nini Oktoba 13, jibu ni kwamba Chicago hukimbia Jumapili ya pili ya mwezi huo, njia yake ni tambarare, hali ya hewa wakati huo ni ya ubaridi, na waandaaji huleta watu wa kuvuta kasi. Ukichunguza unakuta mtu aliyepanga. Ndiyo maana nasema tarehe ni mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi na mahali pabaya pa kuumalizia, na Oktoba 20, 1968 inahitaji uchunguzi huo kuliko tarehe nyingine yoyote katika riadha ya eneo letu, kwa kuwa Wakenya na Watanzania walikimbia siku moja, mji mmoja, wakivuta hewa ileile.

Tumtazame Keino kwa karibu. Kwa kawaida tunaambiwa kwamba alikuwa mgonjwa wa nyongo, madaktari wakamkataza, basi likakwama kwenye foleni, akashuka akakimbia hadi uwanjani, akashinda. Ni kweli aliumwa. Siku saba kabla, katika mita 10,000, maumivu yalimwangusha zikiwa zimebaki raundi chache, na Naftali Temu ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Oktoba 17 Keino alichukua fedha katika mita 5,000 nyuma ya Mohamed Gammoudi wa Tunisia. Lakini ushindi wake wa Oktoba 20 haukutokana na kuvumilia maumivu peke yake. Mpinzani wake, Jim Ryun wa Marekani, ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia ya 3:33.1, na silaha yake ilikuwa mbio kali za mita 300 za mwisho. Ukimpeleka Ryun polepole hadi kengele ya mwisho, amekumaliza. Wakenya walijua hivyo, na walijua pia kwamba Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako aliyezoea hewa ya chini akichoka hapati nafasi ya kupumua upya. Ben Jipcho akatumwa mbele. Alipiga raundi ya kwanza kwa sekunde 56 hivi, kasi ambayo mwenye akili zake hangeithubutu mahali pale, na alijua inamgharimu yeye mwenyewe. Keino akaipokea kasi ile, akaendelea nayo, na kengele ilipolia Ryun alikuwa mbali mno nyuma kuweza kulipa deni. Aliachwa mita zipatazo 20. Jipcho hakupata medali. Hiyo ilikuwa kazi ya timu: kumjua mpinzani, kuyajua mazingira, na kuwa na mwenzako aliye tayari kujitoa. Ukiikata picha ya Keino peke yake akikata utepe, Jipcho anatoweka, na pamoja naye inatoweka sababu ya ushindi.

Sasa Akhwari. Kabla ya Mexico alikuwa tayari anajulikana kama mmoja wa wakimbiaji bora wa marathoni barani Afrika. Inaelezwa kwamba katika mbio zile misuli ilimbana kwa sababu ya mwinuko, kwani hakuwa amejiandaa kukimbia katika hewa nyepesi kiasi hicho, na kwamba karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji wakisukumana kutafuta nafasi, aligongwa akaanguka. Goti lilitoka mahali pake na bega likapiga lami. Akafungwa bendeji, akainuka, akaendelea, mara akitembea, mara akikokota mbio. Zilikuwa zimebaki kilomita zaidi ya 20. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa sentensi ambayo sasa kila mmoja wetu anaijua: nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma maili 5,000 kuzimaliza. (Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni zaidi ya maili 9,000, kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa ndefu kuliko sentensi inavyosema.) Simpunguzii hata chembe. Watu 18 hivi walioanza mbio zile hawakufika.

Miongoni mwa hao ambao hawakufika alikuwemo Abebe Bikila, na hapa ndipo siku ile inapokuwa mwalimu mkali. Bikila alikuwa bingwa wa Roma mwaka 1960, alikokimbia bila viatu, na bingwa wa Tokyo mwaka 1964. Mexico aliacha mbio karibu na kilomita ya 17 kwa sababu ya mfupa wa mguu uliokuwa umeumia. Yaani mahali pake pa kuacha na mahali alipoangukia Akhwari vinakaribiana sana. Kama somo la Oktoba 20 ni kwamba shujaa hakati tamaa, tumweke wapi Bikila? Hakuna mwenye akili atakayesema Bikila alipungukiwa moyo. Alipima mguu wake, akajua hauwezi, akamwachia kazi mwenzake Wolde, na Ethiopia ikachukua dhahabu ya marathoni kwa mara ya tatu mfululizo. Wanaume wawili, majeraha mawili, maamuzi mawili, na yote mawili yalikuwa ya heshima. Tofauti ya nchi zao siku ile ni kwamba Ethiopia ilikuwa na mtu wa pili wa kumwachia.

Najua hoja ya upande wa pili, na sehemu yake ina nguvu. Watu husema kumbukumbu fupi za tarehe ndizo zinazowafikia vijana, na kwamba mtoto asiyesoma kurasa mia atasoma mistari mitano. Ni kweli. Bila filamu ya Mmarekani Bud Greenspan, aliyeinasa na kuisambaza simulizi ya Akhwari, huenda sisi wenyewe tungemsahau kabisa. Serikali ilimpa nishani ya taifa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Husema pia kwamba taifa linahitaji kielelezo cha uvumilivu kuliko linavyohitaji jedwali la matokeo. Hilo nalikubali nusu. Uvumilivu ni tunu, na katika marathoni hakuna anayefika bila huo. Ninachokataa ni kuutumia kama maelezo ya kwa nini mmoja alishinda na mwingine hakushinda, kwa sababu uvumilivu ulikuwepo kwa wote. Keino alikuwa nao, Akhwari alikuwa nao, na hata Ryun, aliyekuwa mgeni wa hewa ile na bado akachukua fedha, alikuwa nao.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema Wakenya walizaliwa milimani na Mexico ikawapa zawadi ya mwinuko, basi hakuna la kujifunza. Ni kweli mwinuko uliathiri michezo ile: kuanzia mita 1,500 hadi marathoni, pamoja na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, dhahabu zote za wanaume zilikwenda Afrika. Lakini Mbulu nako ni nyanda za juu. Mtoto wa Kiiraqw anayepanda na kushuka vilima vya kule hana tofauti kubwa ya mapafu na mtoto wa Kinandi. Kama milima ingetosha, Tanzania ingerudi kutoka Mexico na medali kama Kenya ilivyorudi na medali 9. Kilichowatenganisha ni ukubwa wa kundi. Kenya ilipeleka watu wa kutosha mpaka mmoja akaweza kutolewa sadaka kwa ajili ya mwenzake, na Keino akaanguka katika mita 10,000 ilhali dhahabu ikabaki mikononi mwa Mkenya. Akhwari alipoanguka, matumaini ya Tanzania katika mbio zile yalianguka naye.

Hadithi ya "kutoka wa mwisho hadi wa kwanza" inafuta pia kilichokuja baada ya Mexico, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyuhuyu alimaliza wa tano katika marathoni kwa 2:15:05, na wa tano pia katika mita 10,000 kwa 28:44. Miaka miwili tu baada ya goti lile! Hilo ndilo jibu kwa yeyote anayemdhania kuwa mtu wa kawaida aliyejikokota kwa huruma ya watazamaji, na bado sijaona tarehe ya Edinburgh ikiadhimishwa na mtu. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alishinda mita 1,500 kwa rekodi ya dunia ya 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo na kuwanyima wenye mbio za mwisho nafasi ya kuzitumia. Hiyo ni mbinu ileile iliyommaliza Ryun. Na aliyekuwa wa tatu siku ile ni nani? Ben Jipcho. Kama kuna uzi unaotoka Mexico na kuingia Tanzania, mimi nauona hapo zaidi ya kwenye bendeji. Baada ya hapo wakaja Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Bayi na Suleiman Nyambui na medali zao za fedha za Moscow mwaka 1980, ambazo hadi leo ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi hii. Juma Ikangaa, mshindi wa New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Christopher Isegwe, fedha ya dunia mwaka 2005. Samson Ramadhani, bingwa wa Jumuiya ya Madola mwaka 2006. Simbu mwenyewe alikuwa wa tano Rio mwaka 2016 na wa tatu kwenye ubingwa wa dunia London mwaka 2017, na Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston. Anayesema Tokyo ilimaliza ukame wa miaka 57 anawafuta watu hawa wote kwa sentensi moja.

Ukiitazama orodha hiyo unaona kitu kingine. Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Bayi alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi. Kwa miongo mitano jeshi ndilo lililompa mkimbiaji wa Kitanzania mshahara na muda wa mazoezi. Linastahili shukrani kubwa kwa hilo. Lakini maana yake ni kwamba mlango umekuwa mwembamba: anayeingia jeshini anapata nafasi ya kuwa Simbu, na asiyeingia anabaki kuwa kijana hodari wa kijijini ambaye hakuna aliyempima muda. Bingwa anapatikana, kisha tunasubiri miaka kadhaa apatikane mwingine. Kila tunaposema siri yake ni moyo, tunaitoa lawama pale ilipo. Moyo hauna bajeti, hauhitaji kocha wa pili, wala haumlazimu mtu yeyote kueleza kwa nini shule haina saa ya kupimia wala uwanja wa kukimbilia.

Dhahabu ya Tokyo itakuwa na faida ikitufanya tuulize maswali ambayo Oktoba 20, 1968 iliyaacha wazi. Ni vijana wangapi wa Kitanzania wanaokimbia marathoni chini ya saa 2:10 leo, na nani anaandika majina yao? Simbu akiumia wiki mbili kabla ya mbio kubwa, nani anachukua nafasi yake akiwa na kiwango cha kugombea medali? Nani anatazama mbio za wapinzani na kupanga namna ya kuwamaliza, kama Keino na Jipcho walivyopanga dhidi ya Ryun? Hayo ni maswali kwa Riadha Tanzania, kwa wizara, na kwa sisi tunaoandika. Upande wetu sisi waandishi uko wazi: tukiandika kumbukumbu ya Oktoba 20 tuiandike yote, matokeo ya Akhwari ya Edinburgh yakiwa kando ya yale ya Mexico, na jina la Jipcho likiwa kando ya la Keino. Mwaka 2028 siku hiyo itatimiza miaka 60, na mwaka huohuo Michezo ya Olimpiki itakuwa Los Angeles. Timu ya marathoni itakayokwenda huko inaandaliwa sasa, au haiandaliwi.